Kutoka Puge Hadi kwa Ndege Asiyeruka

Walisema sitafika hata Mombasa. Mgalula, jirani yangu, alitabiri kwamba nitashuka Dodoma nikanunue karanga, treni iniache, nami nirudi kwa miguu. Mwenyekiti wa kijiji alisema nitafika pwani, ila nikiiona bahari nitageuka, maana maji makubwa niliyopata kuyaona ni ya bwawa la Igombe. Mama Mhoja, ambaye hakuwa na desturi ya kuficha neno, alisema huenda nikafika huko kisiwani, lakini stashahada sitaipata, kwa sababu hakuna serikali yenye akili inayompa mtu cheti kwa kumtazama kuku wa porini.

Nayaandika haya nikiwa na cheti hicho, kimetiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani. Mimi ni mtoto wa mkulima wa karanga. Nilimaliza darasa la nane nikiwa sina viatu, nikawa askari wa wanyamapori kwa miaka sita, na katika kundi letu ni mimi peke yangu niliyefaulu mtihani wa kuingia chuo. Sikubebwa na mjomba wala shemeji. Msomaji asinichukie kwa kusema hivyo, kwa kuwa ni kweli.

Sababu ya safari yangu ilikuwa hii. Masomo ya darasani nilikuwa nimeyamaliza, na matokeo yangu yalikuwa mazuri kuliko ya wote. Lakini chuo hakitoi stashahada bila taarifa ya uwandani: lazima mwanafunzi amfuate mnyama mmoja, aandike anavyoishi, anavyokula, anavyozaa na anavyolea. Wenzangu walichagua swala na ngiri. Mimi nilipata barua kutoka kwa mwalimu wetu kwamba watafiti walioko kisiwa cha Aldabra, mbali sana ndani ya bahari, wanahitaji msaidizi mmoja, na nauli watalipa wao. Huko kuna ndege asiyeweza kuruka. Mahali pengine, mwalimu aliandika, ndege wa aina hiyo wamekwisha, wameliwa na paka, panya na watu. Nilijibu barua ile siku hiyo hiyo.

Tatizo lilikuwa msimu. Ndege yule hutaga wakati wa mvua, na mvua kwetu ndiyo jembe. Kijiji chetu cha ujamaa, kando ya Puge, kilikuwa ndiyo kwanza kimeanzishwa. Tulikuwa tumehama kutoka kwenye miji yetu iliyotawanyika, tukajipanga kwenye mistari, na kila mtu mzima alitakiwa kulima siku tatu za wiki katika shamba la wote. Asiyelima hana fungu wakati wa mavuno. Mke wangu Nyamizi angelima siku zake. Zangu je?

Siku ya mkutano mwenyekiti aliniuliza swali hilo mbele ya watu.

"Siku zako nani atazilima, Maganga?"

"Nitazikopa," nikasema.

Watu walicheka, kisha wakanyamaza walipoona sicheki. Nikaeleza. Anayetaka anikopeshe siku zake, alime kwa jina langu, nami msimu ujao nitamlimia yeye, siku kwa siku, kwa mikono yangu mwenyewe na si ya kibarua. Hilo halikuwa jambo geni kwetu. Wazee wetu walilimiana hivyo tangu zamani, ila aliyelimiwa alikuwa mgonjwa au mjane, hakuwa mtu anayekwenda kutazama ndege.

Mgalula akasimama wa kwanza. "Mimi nitakukopesha," akasema. "Nataka niwe na haki ya kukucheka utakaporudi mikono mitupu."

"Na nikirudi na stashahada?"

"Utanilimia ukiwa na stashahada. Hilo nalo nataka kuliona."

Walifuata wengine wanne, na wa mwisho alikuwa Mama Mhoja, aliyesema anafanya hivyo kwa ajili ya Nyamizi wala si kwa ajili yangu. Siku zile hazikuandikwa mahali. Kila mtu alizishika kichwani.

Asubuhi ya safari nilipanda lori la pamba hadi Tabora, na jioni nikapanda treni, daraja la tatu, dirishani. Reli hii inafuata karibu njia ile ile waliyopita babu zetu na misafara. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe ya ndovu begani kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, miezi mitatu, na kila mara alipotusimulia alitushikisha bega lake ili tuone lilivyokuwa gumu kama kwato. Alisema Ugogo ndiko kulikowaua watu, kwa kiu, na kwamba watemi wa huko walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, hata kwa maji ya kisima. Mimi niliipita Ugogo asubuhi iliyofuata nikimenya yai la kuchemsha. Pale Dodoma sikushuka. Nilinunua karanga kupitia dirishani, kwa makusudi, ili nije nimwambie Mgalula.

Kutoka Dar es Salaam nilikwenda kwa basi hadi Mombasa kupitia Tanga, na Mombasa nikapanda meli kubwa. Sitadanganya: siku tatu za kwanza za bahari nililala kifudifudi, na kama Mama Mhoja angeniona angefurahi sana. Siku ya nne tulifika Mahe, Shelisheli, na hapo nikahamia meli ndogo ya mizigo iliyokuwa ikipeleka chakula na mafuta kwa watafiti. Wakati huo tumbo lilikuwa limeshakubali bahari. Nilikula samaki pamoja na mabaharia nikawaeleza habari za simba, nyingine za kweli.

Aldabra haifanani na kisiwa ambacho mtu wa bara hukiwaza. Ni pete ya mawe iliyozunguka ziwa la maji ya chumvi, imekatwa na mikondo ikawa visiwa vichache, na mawe yenyewe ni makali kama chupa zilizovunjwa. Viatu vyangu vya askari, vilivyonivusha mapori yote ya Ugalla, vilichanika siku ya pili. Hakuna mto. Kuna vichaka, mikoko na kobe wakubwa wanaokalika kama kigoda, wengi kiasi kwamba usiku unaweza kujikwaa juu yao ukielekea msalani.

Kiongozi wa watafiti alikuwa Mwingereza mrefu aliyeungua pua, sote tulimwita Dokta. Mpishi alikuwa Mshelisheli, Mzee Antoni, aliyefanya kazi Mombasa miaka mingi na kuzungumza Kiswahili cha huko. Wa tatu katika kambi yetu nilikuwa mimi. Tulikaa kisiwa cha kati, kwa kuwa kwenye kile kikubwa cha kusini paka wameshawamaliza ndege hao kabisa.

Jioni ya kwanza Dokta alinieleza kazi, huku Mzee Antoni akitafsiri pale Kiingereza chake kilipokwenda mbio. Nilitakiwa kuwakamata dume na jike waliooana, niwavishe pete za rangi miguuni ili watambulike, kisha nikae nao tangu yai hadi kifaranga. Meli ya chakula ingerudi baada ya wiki nne. Ikinikuta sina jozi yenye pete, nitapanda nikarudi kwetu, maana msimu utakuwa umepita na chakula cha kambi ni cha watu wenye kazi.

"Wiki nne ni nyingi," nikamwambia. "Mimi nimekamata ndege tangu nina miaka saba."

Na kweli nimekamata. Kwetu, mtoto asiyejua kutega kanga na kwale hupata ugali mkavu. Unasokota kitanzi cha uzi wa katani, unakifunga kwenye fimbo iliyopindwa, unamwaga punje chache, kisha unajificha. Siri yote iko katika kujificha. Hukohoi, humkung'uti mbu, hata kivuli chako unakichunga. Kanga akisikia jani limevunjika, umemkosa kwa wiki nzima.

Kwa hiyo kesho yake alfajiri nilitega vitanzi sita, mbali na kambi, nikalala chini ya kichaka nimetulia kama jiwe. Sikuona ndege. Siku ya pili sikuona ndege. Siku ya tatu niliisikia sauti yao mbali, ikielekea upande mwingine. Na kila adhuhuri, niliporudi kambini nimeumwa na mbu uso mzima, niliwakuta ndege hao wawili au watatu chini ya meza ya Mzee Antoni wakila wali uliodondoka.

Sikuuliza. Nilijiambia hao wa jikoni wameshaharibika, wamekuwa kuku, na mwanafunzi wa chuo hawezi kuandika taarifa ya stashahada kuhusu ndege wa jikoni. Nilitaka wa porini. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili ikafika katikati.

Siku ya kumi na moja uvumilivu uliniishia. Nilitoka kichakani nikiwa na hasira, nikalipiga teke debe langu la maji, likabingiria juu ya mawe kwa kishindo ambacho kwetu kingewakimbiza kanga wa wilaya nzima. Nilikuwa bado naangalia lilipoishia, nikasikia miguu. Ndege alikuwa anakuja mbio, kichwa ameinamisha, anapita katikati ya miguu yangu moja kwa moja hadi kwenye debe. Aliligonga kwa mdomo. Akanitazama. Kisha wa pili akatokea upande mwingine, naye akaligonga.

Nilirudi kambini. Mzee Antoni alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umerudi mapema. Umewapata?"

"Wamenijia wenyewe. Nilipiga kelele."

Aliweka ungo chini akacheka mpaka akashika mbavu. "Siku kumi mimi nakutazama wajificha. Namwambia Dokta, huyu Mnyamwezi amekosana na nani?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisema wajua ndege tangu una miaka saba." Akauchukua tena ungo. "Huyu twamwita chomicho. Chomicho wa kisiwa hiki hajawindwa na mtu wala mnyama. Akisikia kitu, huja kukitazama. Hana sababu ya kukimbia."

Maneno yale niliyaandika kwenye daftari, ingawa yalinichoma. Kila nilichokijua kuhusu ndege nilikijua kutoka kwa ndege wanaoogopa.

Kuanzia siku hiyo nilikwenda na debe. Nilipiga mdundo aliotufundisha babu, ule wa wapagazi wa kuamsha kambi, na vichaka vilifunguka kila upande. Kabla ya wiki ya tatu kwisha nilikuwa nimewavisha pete ndege kumi na wawili, jambo ambalo Dokta alisema hakuna msaidizi aliyenitangulia aliyelifanya. Kati yao niliichagua jozi moja, dume mwenye pete nyekundu na jike mwenye pete ya njano. Meli ilipokuja ilishusha unga na sabuni, ikaondoka bila mimi.

Sasa nimweleze ndege mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye niliyemfuata. Ukubwa wake ni wa mtetea mdogo. Kichwa na shingo ni vya rangi ya udongo mwekundu wa Tabora baada ya mvua, koo ni jeupe, mgongo ni wa kijani iliyoiva mpaka ikakaribia weusi. Mdomo ni mrefu, na kwa jike mzizi wake ni wa waridi, ndipo unapomtofautisha na mumewe. Mabawa anayo, ila ni madogo kama mikono ya koti la mtoto alilovaa mtu mzima. Akikimbia huyatandaza kidogo ili asiyumbe. Akisimama huyakunja, nawe huwezi kujua kama ana upungufu wowote.

Miguu ndiyo mali yake. Anakimbia juu ya mawe yale yaliyonichania viatu bila kutazama chini. Kutwa nzima anafanya kazi, akigeuza majani makavu kwa mdomo, jani moja moja, kama karani anayefunua mafaili, na chini yake anaokota wadudu, konokono na kaa wadogo. Kobe akipita, chomicho humfuata nyuma, maana kobe huvuruga majani kwa uzito wake. Nimemwona akimtoa kobe kupe shingoni, na kobe amenyoosha shingo akingoja amalizwe, kama mtu kwa kinyozi.

Wanaishi wawili wawili, na nadhani hawaachani. Eneo lao wanalijua mpaka kichaka cha mwisho. Alfajiri huimba pamoja, dume akianza kwa mluzi mfupi na jike akiitikia kwa sauti nzito kidogo, mfululizo, haraka, mpaka husikii pengo kati yao. Mara ya kwanza nilidhani ni ndege mmoja. Jirani akivuka mpaka, wote wawili humkimbilia, na yeye hajibu, hugeuka akaenda zake. Sikupata kuona damu.

Katikati ya Desemba waliniongoza kwenye kiota bila kukusudia. Kilikuwa chini, ndani ya kichaka kinene, kimetandikwa majani, kina mayai matatu meupe yenye madoa mekundu. Waliyaatamia kwa zamu. Dume alikuja, jike akainuka, hawakusalimiana hata kidogo, na yai halikukaa wazi zaidi ya dakika moja. Nilikuwa na saa ya mkononi na nilipima. Niliwaza kwamba katika shamba letu la ujamaa sijapata kuona zamu ikibadilishwa vizuri namna ile, na mimi ni mmoja wa waliokuwa wakichelewa.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili halikuwa la kuchekesha. Watafiti wawili walitoka kisiwa cha magharibi kututembelea, nami nilitaka waone. Dokta alikuwa ameshawaambia kuhusu Mnyamwezi na debe lake. Tukasimama mbali kidogo na kiota, nikapiga mdundo wa wapagazi, wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndege walikuja kutoka pande zote. Wageni wakapiga picha, wakanipiga mgongoni. Kisha nikaona pete ya njano. Jike wangu alikuwa pale miguuni mwangu, ilhali zamu ya kuatamia ilikuwa yake.

Nilikimbia. Kwenye kiota kulikuwa na kaa, yule mkubwa wa nchi kavu mwenye gando kama koleo, ameshavunja yai moja na anavuta la pili. Dume alikuwa amefika kabla yangu. Alisimama mbele ya mnyama aliyemzidi uzito mara nyingi, akatandaza vile vibawa ambavyo havijamsaidia kwa lolote maishani, akamgonga kwenye jicho. Kaa akainua gando. Dume hakurudi nyuma. Akagonga tena, na tena, hatimaye kaa akaliachia yai, akaenda kinyumenyume na alilolipata. Sikugusa kitu. Ningeweza kumpiga kaa jiwe, lakini taarifa ingekuwa yangu, isingekuwa yake.

Jioni ile Mzee Antoni aliniletea chakula, nikamwambia sitakula.

"Umebakiwa na mangapi?"

"Mawili. Moja lina ufa mdogo, sijui kama litafaa."

"Na kama hayatotoi?"

"Sina taarifa. Sina stashahada. Nitarudi kuwalimia watu waliosema hivyo hivyo."

Akafunika sahani. "Utaandika kuwa ni wewe uliyemwita jike?"

Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza tangu mchana. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na yeye, niliyemsimulia nilipotoka kiotoni. Wageni walidhani kaa ni bahati mbaya tu. Ningeliandika, walimu wangesoma kwamba mwanafunzi wao bora alipoteza theluthi ya kazi yake akijionyesha. Nisingeliandika, kila neno lililofuata kuhusu ndege mwaminifu kwenye zamu lingekuwa na uongo, kwa kuwa taarifa ingesema jike aliacha zamu bila sababu. Yeye hakuwa na kosa. Nikawasha taa ya chemli nikaandika kama ilivyokuwa.

Kuanzia hapo debe lilikaa kambini. Nilirudi kwenye kichaka changu nikalala kama nilivyofundishwa nikiwa mtoto, bila kukohoa, kwa siku kumi na mbili, mvua ikininyeshea mgongoni. Siku ya kumi na tatu kifaranga kilitoka, cheusi tititi, kimelowa, na kesho yake kingine, cha lile yai lenye ufa. Kabla ya siku mbili kupita walikuwa wakimfuata mama yao juu ya mawe, wakianguka na kuinuka. Dume aliwaletea mdudu mmoja, akamweka chini mbele ya mdogo, akangoja.

Mwezi wa pili meli ilinichukua. Mzee Antoni alinipa pakiti ya samaki wakavu na akaniagiza nimsalimie yule babu wa debe, nikamwambia ameshafariki, akasema basi nimsalimie kaburini. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Ugogo. Treni iliingia Tabora asubuhi ya mvua, nikashika lori la kwenda Nzega na kushuka njia panda nikiwa na sanduku moja na madaftari manne.

Nyamizi alinipokea, akanishika mkono akaona ulivyokonda, akaniandalia maji ya kuoga kabla ya kuuliza lolote. Mgalula alikuja jioni. Alilizunguka sanduku.

"Ndege yuko wapi?"

"Amebaki kwake."

"Hata unyoya?"

"Hata unyoya. Hairuhusiwi."

"Kwa hiyo umekaa miezi minne huko kwenye maji, umerudi na karatasi." Akamgeukia Nyamizi. "Shemeji, pole."

Mwezi wa sita niliitwa chuoni. Mbele ya meza walikaa walimu watano, na mwalimu mkuu alifungua taarifa yangu kwenye ukurasa wa kaa. Aliniuliza kwa nini niliandika ile habari ya debe. Nikamwambia bila hiyo hesabu ya zamu haileti maana. Akaandika kitu, akafunga daftari. Nilipata stashahada ya daraja la kwanza. Wale wa swala walipata la pili.

Serikali iliniajiri katika ofisi ya wanyamapori pale Tabora mjini, nikapewa meza, baiskeli na mhuri. Mvua za Novemba zilipokaribia, nilimwomba mkubwa wangu likizo yangu yote ya mwaka. Akauliza naenda kupumzika wapi. Nikasema Puge, kulima.

Wakopeshaji wangu hawakunitarajia. Wa kwanza aliniambia nimtumie tu kibarua, maana sasa mimi ni bwana mkubwa. Nilikataa; nilikuwa nimesema mikono yangu. Siku za kwanza viganja vilitoka malengelenge kama ya mwanafunzi. Baadaye vilikumbuka, na naweza kusema bila haya kwamba hakuna aliyeinua matuta marefu kuliko mimi katika shamba lile, ingawa wapo waliomaliza mapema. Likizo haikutosha, hivyo nikaongeza kila Jumamosi na Jumapili, kwa baiskeli hadi barabarani na kwa lori kutoka hapo. Mama Mhoja nilimlimia siku zake akiwa amekaa ukingoni akikagua. Alirudisha tuta moja, akasema limepinda. Nikalilima upya.

Mgalula, niliyemwacha wa mwisho, alikuwa ananidai siku nyingi kuliko wote. Muda wote, hata nilipowasimulia wengine habari za kaa, alilima mstari wa pili kutoka kwangu bila kuzungumza nami, ila mara chache alimwambia mtu wa tatu kwa sauti kubwa kwamba majembe ya stashahada hayana makali.

Siku ya mwisho kwake mvua ilikatika saa nne na ardhi ilikuwa laini. Tulikuwa wawili tu upande ule. Nilibakiwa na nusu ya tuta aliposimama, akaegemea mpini.

"Huyo ndege wako," akasema, "akitaka kumpita mtu aliyekaa njiani, anafanyaje kama haruki?"

"Anampitia katikati ya miguu."

"Hamwogopi?"

"Kwa nini amwogope?"

Nikaendelea kulima. Nikafika mwisho wa tuta, nikakung'uta jembe, nikasimama wima, mgongo ukiuma. Mgalula alikuja akatazama mstari wote kutoka mwanzo, kama anayetafuta kasoro, kisha akanichukua jembe mkononi akalilaza chini kando ya lake.

"Sikudai," akasema. Akavuta mtungi wa maji, akakaa kwenye majani, akanionyesha nafasi ya kukaa. "Sasa nieleze polepole. Yule mume wake, kaa alipoinua gando, yeye alifanya nini?"